Jengo Lisilo na Chini

Jumba la Posta lilikataa kusimama.

Mara ya kwanza Bi Wembe alidhani meza ndiyo mbovu, akasukuma kipande cha boksi chini ya mguu wake mmoja. Akaifumbua tena kadi yenye jumba hilo la karatasi. Kurasa mbili za karatasi ya manila ziliachana, mnara wa saa ukainuka, nguzo sita zikajitokeza moja baada ya nyingine kama watu waliosikia majina yao yakiitwa, ngazi za mbele zikajipanga, na jumba zima, lisilozidi kimo cha bilauri, likang'aa mbele yake kwa weupe. Kisha likainama. Likaegea kushoto taratibu, kama mlevi anayetafuta ukuta, likalala ubavu juu ya meza.

Hakuhitaji kutafuta sababu. Sababu aliikata mwenyewe: ulimi mdogo wa karatasi kwenye sakafu ya jumba, uliokatwa pande tatu na kukunjwa mara mbili kuelekea chini, ukuta mmoja na sakafu moja, chumba cha ukubwa wa kiberiti kilichoning'inia tumboni mwa jengo. Jengo lenye chumba cha chini haliwezi kukaa juu ya meza. Meza haina chini.

Jina la Bi Wembe alilipata katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, alikoendesha mashine ya kukatia karatasi kwa miaka thelathini na nne. Alipostaafu, wenzake walimuaga kwa kanga na hotuba. Yeye aliondoka na rula ya chuma, kisu, na mikono isiyojua kukaa bure. Ndipo alipojifundisha kukunja majengo. Hakwenda darasani. Alisimama mbele ya jumba, akalitazama mpaka walinzi wakaanza kumshuku, akarudi nyumbani akaliamsha kutoka kwenye karatasi.

Sheria za kazi hiyo ni chache, nazo hazina huruma. Karatasi ni moja. Hakuna gundi, hakuna kuongeza kipande wala kupunguza. Mstari mzima, unakata. Mstari wa nukta, unakunja. Ukichanganya hiyo miwili umeharibu: pa kukunja ukikata, ukuta unadondoka, pa kukata ukikunja, ukuta hauamki. Majirani walimwona kama mtu mzima aliyerudia utoto. Kwake yeye haukuwa mchezo. Ilikuwa kazi pekee maishani mwake ambayo hakuna mkubwa aliyemwamulia karatasi iseme nini.

Mpaka Ofisi ya Majengo ya Kale iliposikia habari zake. Walitaka majengo kumi mashuhuri ya mji, yachapwe kwenye pakiti, kila mtu anunue, akate, akunje, aweke kabatini. Stesheni ya reli ilipita. Mahakama Kuu ilipita. Bunge la zamani, maktaba, hospitali ya kwanza, yote tisa yalipita bila neno. La kumi lilikuwa Posta.

Mwaka ule wa Posta, miaka arobaini na moja iliyopita, wakubwa huuita mwaka wa vurugu. Waliokuwepo huuita mwaka wa mgomo, na tofauti ya maneno hayo mawili ni watu wanane. Wachambuaji wa barua waligoma Jumatatu. Jumanne ishirini na watatu kati yao walifungiwa ndani ya stoo ya magunia ya barua, chini ya ukumbi mkuu, chumba kisicho na dirisha ila kitundu cha hewa chenye nondo, usawa wa njia ya waendao kwa miguu. Jumatano Bi Wembe, wakati huo binti wa miaka kumi na tisa, alichuchumaa kando ya kitundu hicho akijifanya anafunga kiatu, akasikia muhuri wa posta ukigongwa ukutani huko chini, ko, ko, ko, kama mtu anayepiga chapa barua moja isiyokwisha. Alhamisi alikuja mwashi na ndoo ya saruji, akakiziba kitundu. Jumamosi walitoka watu kumi na watano wakitembea. Wanane hawakutembea. Kaka yake alikuwa mmoja wa hao wanane, na hakuna aliyerudishiwa mwili wa kuzika.

Tume ikaundwa, maana serikali ikitaka kuzika kitu huunda tume. Miaka miwili baadaye ripoti ilitoka. Ukurasa wa arobaini na moja ulisema, kwa lugha iliyopigwa pasi, kwamba jengo la Posta halina wala halijapata kuwa na chumba chochote chini ya usawa wa ardhi, na kwamba wafanyakazi wanane walitoroka kazini na hawajulikani waliko. Bi Wembe hakusimuliwa ukurasa huo. Alikuwa na miezi mitatu tu kiwandani mrundo wake ulipoletwa kwenye mashine yake. Nakala mia nne. Alizigonga gonga kingo zikalingana, akazibana, akashusha kisu. Zilitoka safi, pembe zote mraba, hakuna hata moja iliyopinda. Msimamizi alimsifu mbele za watu. Sifa ile bado anaikumbuka jinsi mtu anavyokumbuka kofi.

Kwa hiyo, alipopewa Posta aikunje, alijua atafanya nini. Ripoti aliikata kwa mikono yake. Basi mikono hiyo hiyo itaichimbua stoo.

*

Ofisa wa Majengo ya Kale alikuwa binti mpole, wa umri ambao Bi Wembe angeweza kumzaa, na hilo ndilo lililomkera. Waliofunga mlango wa stoo walikuwa na sura za kuchukiwa. Huyu alikuwa na kikombe cha chai na adabu tele. Hasira ilikosa pa kushika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, wewe si mtu wa kawaida! Ile stesheni bosi ameiweka mezani kwake, hata mfagizi haruhusiwi kuifuta vumbi." Akaifumbua Posta, akatoa sauti ya kushangaa nguzo zilipoinuka. Kisha jumba likamwangukia kwenye makaratasi. "Eh! Hii imekunywa nini?"

"Haijanywa. Ina chumba cha chini."

"Posta haina chumba cha chini, mama."

"Nani kakwambia?"

"Michoro." Akaizungusha kompyuta imwelekee mgeni wake. "Hii hapa. Sakafu, halafu udongo. Hakuna kitu."

"Huo mchoro ni wa lini?"

"Wa mwaka wa ukarabati."

"Umechorwa baada ya stoo kufukiwa kwa saruji. Ukimfunika mtu blanketi halafu ukamchora, utachora blanketi."

Ofisa alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Mama, mimi hayo maneno nimeyasikia. Bibi yangu alikuwa akiyasema. Lakini siwezi kuweka maneno ya bibi yangu kwenye bidhaa ya ofisi. Na hata kama kingekuwepo, fikiria mnunuzi. Amekata siku nzima, amekunja, jengo linaanguka. Atafanya nini?"

"Atauliza kwa nini linaanguka."

"Atairudisha dukani." Alisema kwa huzuni ya kweli, na huzuni hiyo ikawa mbaya kuliko ubishi. "Nakupa wiki moja. Ukishindwa nitaelewa kabisa, kuna watu wanachora kwa kompyuta. Ila mimi nilitaka iwe ya mkono wako."

Bi Wembe aliikunja Posta, ikalala bapa kama bahasha, akaitia mkobani. Kwenye ngazi alijikuta akisaga meno. Alikuwa amejiandaa kupigana na ukuta, wamempa mto.

*

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa barazani na cherehani. Hakuuliza kitu mpaka alipomaliza pindo.

"Umekuja na sura ya mtu aliyeibiwa."

"Wamekataa."

"Ulitaka wapige vigelegele? Wewe una kichwa kigumu, ndiyo maana wanaume hawakukaa kwako."

"Niliolewa mara mbili."

"Ndiyo nasema mimi. Hawakukaa."

Walicheka, kicheko kifupi cha watu waliochekea maneno hayo hayo kwa miaka. Kisha wifi akakata uzi kwa meno.

"Juzi nilikwenda tena kuomba cheti cha kifo. Karani mpya, hajui hata mimi ni nani. Anaangalia kwenye faili lake ananiambia, 'Mama, huyu ni mtoro. Mtoro hafi, anabaki mtoro.' Nikamwambia, mwanangu, angekuwa hai leo ana miaka sabini na miwili, magoti mabovu. Hata kutoroka kunachosha, si angeshapumzika?"

"Akasema nini?"

"Akaniambia nijaze fomu." Alilikung'uta gauni alilokuwa akilishona, akalitazama kwenye mwanga. "Mke wa mtoro. Miaka arobaini na moja sasa. Wanawake wa huku walikuwa wakiniuliza kwa huruma ya uongo kama amepata mwingine huko alikokimbilia. Nilianza kuwajibu amepata, tena mweupe."

Bi Wembe hakucheka safari hii. Alitoa Posta, akaifumbua juu ya meza ya cherehani. Ilianguka. Wifi aliitazama ilivyolala, akainyoosha kwa kidole kimoja, ikaanguka tena.

"Chumba ndicho kinachowaangushia jengo?"

"Ndicho."

"Basi usiwape chumba. Wape mlango."

"Mlango gani?"

"Wa sakafuni. Si palikuwa na mfuniko wa mbao, pale walipokuwa wakiteremshia magunia? Kila wiki alikuwa akirudi amejigonga ugoko hapo, mimi namkanda kwa maji ya moto. Weka mfuniko tu, ulale bapa, jengo lisimame. Mtu akiona mlango atauliza unakwenda wapi." Akaurudisha mguu wa cherehani juu ya kitambaa. "Mimi sitaki makubwa, wifi. Sitaki waziri aje kulia. Nataka mtu mmoja aulize, ambaye si mimi wala si wewe."

*

Alichora upya kwa siku tatu. Chumba akakifuta. Kwenye sakafu ya ukumbi, nyuma ya nguzo ya pili, akaacha mstatili usiozidi ukucha wa kidole gumba: pande tatu za kukata, upande mmoja wa kukunja. Ukiutia ukucha ungeinuka kama kope. Ukiuachia ungelala. Jumba likasimama wima, mnara haukutetereka hata alipopuliza.

Ofisa alilizungushazungusha kwa furaha. "Sasa ndiyo Posta. Na hiki hapa nini?"

"Mfuniko."

"Wa mita ya maji?"

Bi Wembe aliulaza mfuniko kwa ncha ya ukucha. Hakuwa amesema uongo; aliuacha tu uongo ukae walipouweka.

"Umependeza," ofisa alisema, akagonga muhuri wa kukubali.

Siku ile Bi Wembe alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wote, na njiani alijikuta akihesabu: pakiti elfu tatu. Milango elfu tatu, kwenye kabati elfu tatu, sebuleni mwa watu waliokata karatasi kwa mikono yao wenyewe. Hakukumbuka mara ya mwisho kifua chake kilipokuwa chepesi hivyo. Alimpitia wifi, wakanywa chai, wakabishana kwa sauti kubwa kuhusu gauni gani livaliwe siku ya uzinduzi. Furaha ya watu waliozoea kushindwa huwa na kelele.

Simu ya ofisa ilikuja wiki mbili baadaye. "Mama, kuna kakasoro kadogo. Usiogope."

Pakiti zilikuwa zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Ofisa alifungua moja, akakata kwa mkasi mdogo jinsi mistari ilivyoelekeza, na alipofika nyuma ya nguzo ya pili, kijimstatili kikadondoka mezani. Palibaki tundu.

"Wachapaji wenu!" Bi Wembe alisimama. "Wamekata upande wa kukunja! Kazi gani hii? Sisi zamani mtu angefukuzwa!"

Ofisa hakubishana. Alifungua droo, akatoa mchoro wa asili, wenye muhuri, akauweka mbele yake.

Pande nne. Mistari minne mizima, minene, ya kalamu yake mwenyewe, iliyokutana kwenye pembe zote bila kuacha hata upenyo wa unywele. Hapakuwa na nukta.

Alipitisha kidole juu ya mstari wa nne. Sampuli aliyoleta aliikata kwa mkono, na mkono ulijua pa kuacha kwa sababu kichwa kilikuwa kikiusimamia. Lakini mchoro wa mwisho aliunyoosha kwa rula, akiwa amechoka na akiwa na furaha, na rula ikaamsha mkono mwingine, ule wa kiwandani, ule wa miaka thelathini na nne, uliofundishwa kwamba ukianza mstatili lazima uufunge, pembe zote mraba, pasibaki kitu kinachoning'inia. Waliomfundisha walimfundisha vizuri. Hawakuhitaji hata kuwepo chumbani.

"Chapeni upya," alisema.

"Elfu tatu? Kwa ajili ya mfuniko wa mita?"

"Si mita." Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Si mita ya maji. Ni stoo. Kaka yangu alifia humo."

Ofisa aliuweka mkasi chini. Kwa mpigo mmoja wa moyo uso wake ulifunguka, na Bi Wembe aliona kwamba binti yule alikuwa akijua, siku zote, kama bibi yake alivyojua, kama mji mzima ulivyojua. Kisha uso ukajifunga taratibu, kwa heshima.

"Pole sana, mama."

Kuna pole za kufungulia na pole za kufungia. Hii ilikuwa ya kufungia.

"Lakini hilo tumeshalimaliza," ofisa aliendelea, akimwonyesha kikaratasi cha njano kilichochomekwa kwenye kila pakiti. "Ili wateja wasichanganyikiwe."

Kikaratasi kilisema: *Kipande kidogo kitakachodondoka ni taka. Kitupwe.*

*

Uzinduzi ulifanywa asubuhi, ndani ya Posta yenyewe. Ukumbi mkuu siku hizi umewekwa vigae vipya na miti ya kwenye vyungu. Palipangwa meza ishirini, mikasi, rula, na watu waliokuja na familia zao kukata na kukunja. Bi Wembe alitengewa kiti karibu na jukwaa, maana angepewa cheti. Alikaa hapo dakika tano, akainuka, akaenda kusubiri karibu na mlango.

Mara mbili alikuwa amefunga safari kwenda kumwambia wifi. Mara ya kwanza aligeuka kwenye kona akarudi. Mara ya pili alifika barazani, akasaidia kuchuja chai, akazungumzia bei ya vifungo, akaaga.

Wifi aliingia amevaa lile gauni, la bluu iliyokolea, lenye pindo alilolishona mara mbili. Aliutazama ukumbi kuanzia dari, bila haraka, kama mtu aliyekuja kuchukua kitu chake. Hakuwa amekanyaga humo kwa miaka arobaini na moja. Barua zake zote alikuwa akizituma kupitia duka la pembeni.

"Wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya nguzo ya pili."

Wakakaa kwenye meza iliyokuwa hapo. Wifi alivaa miwani, akafungua pakiti, akatandaza karatasi. Mkono wa fundi cherehani hauogopi mkasi: alizikata nguzo, ngazi, mnara, akipiga mifuo ya kukunjia kwa mgongo wa mkasi kama aliyezaliwa na kazi hiyo. Bi Wembe alikaa kando yake. Sema sasa, alijiambia. Sema kabla hajafika. Mkasi ulizunguka nguzo ya kwanza.

Meza ya jirani palikuwa na baba mmoja na familia yake. Alikuwa akisoma kwa sauti ya kuchekesha: "'Kipande kidogo kitakachodondoka ni taka. Kitupwe.' Haya jamani, amri ya serikali, tupeni!" Familia ikacheka. Kitu cheupe kikaanguka kwenye vigae.

Mkasi wa wifi ulisimama. Alitafuta kwenye pakiti yake, akakipata kikaratasi cha njano, akakisoma, midomo ikicheza. Akakiweka chini. Kisha akaendelea kukata, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, na alipofika wa nne hakusita. Mstatili ulidondoka kiganjani mwake.

"Ni mimi," Bi Wembe alisema. "Niliufunga mimi. Mkono uliteleza, wifi, mkono wangu wenyewe..."

Wifi hakuwa akimsikiliza. Alikisogeza kile kipande kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu, jinsi mtu anavyomgusa kifaranga.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

Kwenye jukwaa mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili. Ofisa alipita akiwapungia mkono, meno nje, akionyesha kwa ishara kwamba wakati wa cheti unakaribia. Huku na huko sakafuni vipande vyeupe vilikuwa vimeenea, vidogo, vya ukubwa mmoja, vingine vimeshakanyagwa.

Mfagizi alikuwa akija kutoka upande wa ngazi, mwanamume wa makamo mwenye ovaroli, akisukuma ufagio mpana mbele yake kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa siku. Kila alipofika kwenye meza alisema, "Naomba miguu, wazazi," na watu wakainua miguu bila kukatiza mazungumzo, ufagio ukapita, wakaishusha. Ilikuwa kama wimbi dogo likija kati ya meza.

"Naomba miguu, wazazi."

Bi Wembe aliinua yake. Adabu ilimtangulia.

Wifi hakuinua. Alikuwa amekifumbata kile kipande, na viatu vyake vyeusi vya kutokea vilikuwa vimekaa bapa juu ya vigae, kimoja kando ya kingine, vimezungukwa na vipande vilivyoanguka kutoka meza za wengine.

"Mama, miguu."

"Pita kwingine, baba."

"Kwingine nimeshapita. Pamebaki hapa tu."

Mfagizi alisubiri. Bi Wembe aliitazama miguu yake mwenyewe ilivyoning'inia hewani kama ya mtoto kwenye kiti cha watu wazima, akaona haya. Akaishusha taratibu, akaikandamiza sakafuni kando ya ile ya wifi.

Mfagizi aliwatazama wale wanawake wawili wazee waliokaa wima, kama wanaopigwa picha. Hakukasirika. Aliegemeza ufagio begani, akavuta suruali magotini.

"Kwani kuna nini hapo chini?" aliuliza, akainama kuchungulia chini ya meza, akakaa hivyo, akisubiri kuambiwa.